Wasomaji Wauliza: Ndege wa Chini ya Msitu, Wanaosikika Lakini Hawaonekani

Safari hii tumeyaweka pamoja maswali yaliyohusu ndege wadogo wa tabaka la chini la msitu wa mvua, wale wanaoishi kuanzia kwenye majani makavu yaliyoanguka hadi mita tano hivi juu ya ardhi. Wengi walioandika ni watembeleaji wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, kwa hiyo majibu mengi yameelemea huko. Tumetumia majina ya kisayansi kila inapobidi ili msomaji wa Muheza na wa Kakamega wajue tunamzungumzia ndege yuleyule.

Nimeingia msitu wa Amani asubuhi kadhaa. Milio ya ndege imejaa kila upande, lakini ninarudi nikiwa nimeona hondohondo tu, tena juu ya miti. Hawa wa chini wanaonwaje? — Msomaji, Muheza

Acha kutembea. Hilo ndilo jibu, na mengine yote yanafuata hapo.

Chini ya msitu uliofunga vizuri hufika asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga wa jua. Ndege unayemtafuta, tuseme *Sheppardia sharpei* wa jamii ya kurumbiza, ana sentimita 12 tu kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, mgongo wake ni wa rangi ya majani makavu, na huweza kukaa kwenye kijiti dakika nzima bila kutikisika. Anayetembea ni wewe. Kila hatua yako inavunja kijiti na kutikisa tawi, naye anasogea nyuma ya kichaka kabla hujafika. Mtu anayetembea msituni kwa mwendo wa kawaida hutembea ndani ya duara la ukimya alilolitengeneza mwenyewe, kisha hushangaa ndege wako wapi.

Chagua mahali, simama au keti, na ukae hapo dakika 20 bila kuhama. Dakika kumi za kwanza hazina faida kubwa, kwa kuwa ndege bado wanakupima. Wengi wanaoanza huondoka dakika ya nane.

Mahali penyewe pachaguliwe kwa makini. Panapofaa ni kando ya kijito chembamba, pembeni ya mti mkubwa ulioanguka, au pale njia ya zamani inapokatiza kichaka kizito. Sehemu hizo zina mwanga kidogo zaidi, zina wadudu wengi, na zina uwazi wa mita tatu au nne ambao ndege lazima aukatize. Ukisimama katikati ya vichaka vizito utasikia kila kitu na hutaona chochote. Hakikisha unaona ardhi kwa umbali wa mita nane hadi kumi upande mmoja angalau. Egemea shina la mti ili umbo lako lisijitokeze, na jua liwe nyuma yako.

Uwe umeshafika kituoni kabla ya saa 12:30 asubuhi. Ndege hawa wa jamii ya kurumbiza wana macho makubwa kwa miili yao, nao hula na kuimba mwanga ukiwa bado hafifu. Kufikia saa 4 asubuhi wengi wametulia. Jioni dirisha hufunguka tena kati ya saa 11 na saa 12:30. Baada ya mvua pia ni wakati mzuri sana, maana majani yaliyolowa hayalii chini ya viatu na wadudu hutoka. Lakini subiri matone yaishe kudondoka, la sivyo kila jani litakuwa linatikisika na jicho lako litachoka bure.

Sasa macho. Darubini ining'inie kifuani. Tazama kwa macho matupu, bila kukazia jicho sehemu moja, na utafute mtikisiko usiofanana na mingine. Jani linaloanguka hushuka likaisha. Tawi aliloruka ndege hushuka, hupanda, kisha hutulia. Anza chini kabisa kwenye majani makavu, panda hadi usawa wa goti, kisha kiuno, kisha juu ya kichwa. Watu wengi huanza juu kwa sababu ndiko kuna mwanga, na ndege wa chini wanawapita miguuni.

Ukimwona, usiteremshe macho kutafuta darubini. Yaache macho yabaki palepale kwa ndege, kisha inua darubini hadi ikutane nayo. Iwe umeshailenga mapema kwa umbali wa mita nane hivi, ili ubakie na marekebisho madogo tu. Usipompata, usizungushe darubini huku na huku. Iteremshe, mtafute tena kwa macho, anza upya.

Mkiwa kikundi, watu watatu ni wengi vya kutosha. Usinyooshe mkono kumwonyesha mwenzako. Mwambie "shina lenye gome jeupe, mita mbili juu, upande wa kushoto". Na zungumza kwa sauti ya chini ya kawaida badala ya kunong'ona, kwa kuwa "s" na "sh" za mnong'ono hupenya mbali. Koti la nailoni linalochakarika liache nyumbani, pamoja na shati jeupe.

Nina darubini ya 10x25, na dukani wananishawishi ninunue ya 20x50. Itanisaidia msituni? — Msomaji, Tanga

Hapana, ndugu. Ya 20x50 itakuumiza zaidi ya uliyo nayo.

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. 10x25 na 20x50 zote zinatoa milimita 2.5. Gizani mboni ya jicho hufunguka hadi milimita tano na zaidi, kwa hiyo darubini zote mbili zinakupa picha nyeusi mahali penyewe unapohitaji mwanga. 8x42 inatoa milimita 5.25. Hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa msitu, na 8x32 (milimita 4) ni chaguo la pili kwa anayetaka kitu chepesi.

Ukuzaji mkubwa una madhara mengine mawili. Mtetemeko wa mkono nao unakuzwa, na ya 20 haishikiki bila stendi ya miguu mitatu. Pia eneo unaloliona linakuwa dogo, na ndege anayerukaruka mita sita mbele yako hutamkuta humo kamwe.

Kabla ya kulipa, uliza darubini inalenga karibu kiasi gani. Nyingi za bei nafuu haziwezi kulenga kitu kilicho chini ya mita nne au tano. Msituni ndege mara nyingi huja mita tatu kutoka ulipokaa. Tafuta inayolenga mita mbili au pungufu. Simama dukani, itazame ncha ya kiatu chako, na utajua.

Ukishainunua, irekebishe kwa macho yako. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, lenga maandishi yaliyo mbali kwa gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Kisha ziba ya kushoto, na bila kugusa gurudumu hilo, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi maandishi yaleyale yawe safi. Watu wengi humiliki darubini miaka bila kuigusa pete hiyo, na wanadhani darubini ni mbovu. Amani na milima mingine yenye unyevu ina adui mmoja zaidi, ukungu unaoota ndani ya vioo: ukirudi, usiifungie kwenye mkoba uliolowa, iache mahali penye hewa, kisha ihifadhi kwenye chombo kinachofunga pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Tunaambiwa kukiwa na siafu kuna ndege. Tuwafuate vipi bila kuumwa? — Wanafunzi, Kakamega

Mmeambiwa kweli, na hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo ya kuona ndege wa chini wakiwa wamesahau woga. Siafu wanapowinda hujitandaza kama shuka, na kila panzi, buibui na mende aliyejificha kwenye majani hukimbia mbele yao. Ndege hawaji kula siafu. Wanakuja kula wanaokimbia.

Tofautisheni kwanza mambo mawili. Mstari mwembamba wa siafu unaokatiza njia ni kikosi kinachosafiri, na mara nyingi hauna ndege. Mnachotaka ni siafu waliotawanyika kwenye majani kwa upana wa mita kadhaa. Fuateni mstari kuelekea upande wanakokwenda, mkiwa pembeni yake, hadi mfike mahali unapofumuka.

Simameni mbele ya ukingo unaosonga, kwa pembeni, umbali wa mita sita hadi nane. Ndege hukaa kwenye vijiti vya wima karibu na ardhi, hushuka, hunyakua, hurudi. Kakamega watazameni *Bleda syndactylus*, mkubwa wa jamii ya shore mwenye tumbo la njano na mkia mwekundu, na *Chamaetylas poliocephala*. Usambara wenyeji wa siafu ni *Chamaetylas fuelleborni*, mwenye kifua na tumbo jeupe chini ya mgongo wa kahawia, na *Neocossyphus rufus*, mwekundu-kahawia mwili mzima na mkubwa kuliko wenzake. Ndege wakubwa hushika nafasi ya mbele penye windo nene, na wadogo kama *Sheppardia* hubaki pembeni. Msimtafute kila mmoja katikati.

Chomekeni suruali ndani ya soksi, soksi ziwe ndefu na nene. Tazameni miguu yenu kila dakika moja, kwa zamu, mmoja akilinda wengine wakitazama ndege. Siafu hubadilisha mwelekeo ghafla, na anayetazama kwa darubini hajui mpaka wamefika gotini. Wakishapanda, ondokeni mita kumi kando kwanza, ndipo muwaondoe mmoja mmoja; ukiwaondoa ukiwa umesimama palepale wengine wanapanda.

Shore wa kijani wananichanganya. Wote ni kijani kibichi juu, kijivu au njano chini. Kitabu kinaonyesha tofauti ambazo msituni hazionekani. — Msomaji, Morogoro

Kitabu hakikudanganyi, ila kimechora ndege kwenye mwanga ambao msitu haukupi. Rangi ya kijani chini ya majani ya kijani haiaminiki: ndege yuleyule ataonekana wa njano penye doa la jua na wa kijivu kivulini. Kwa hiyo acha rangi ya mgongo kabisa. Angalia anafanya nini, kwa urefu gani, peke yake au na wenzake.

*Eurillas virens* ndiye wa kuanza naye kwa sababu yupo karibu kila mahali penye kichaka kizito, Amani na Kakamega pia. Ni mdogo, mweusi-kijani, hana alama yoyote usoni. Huimba wimbo mrefu wa kuropoka, ulio na kwikwi, unaopanda mwishoni, tena huimba hata saa sita mchana wengine wote wakiwa kimya. Ukisikia wimbo kama huo ndani ya kichaka na mwimbaji haonekani, una haki ya kumshuku yeye kwanza.

*Arizelocichla masukuensis* hupanda mashina akiwa ameyashika kwa kucha, kama kigong'ota. Shore wa kijani anayekwea shina Usambara mfikirie yeye. Lakini ukiwa Udzungwa utamkuta pia *Phyllastrephus flavostriatus*, naye hukwea, mdomo wake ni mrefu zaidi, na ana tabia inayomtambulisha kabisa: hufunua bawa moja kwa ghafla, kisha jingine, kwa zamu, huku akiendelea na kazi yake. Tabia hiyo huonekana hata ndege akiwa kivuli kitupu. Inafaa kuliko rangi yoyote.

*Phyllastrephus placidus* huenda kwa vikundi vidogo karibu na ardhi, wakizozana kwa sauti kavu. Koo jeupe huonekana wanapogeuka. *Phyllastrephus fischeri* ni ndugu yake wa misitu ya pwani, pamoja na Arabuko-Sokoke, na alama yake ni jicho la rangi ya maziwa. *Phyllastrephus debilis* ni mdogo kuliko wote, na wengi humpita wakidhani si shore.

Andika kwenye daftari kwa mpangilio huu: urefu kutoka ardhini, idadi, alichofanya, jicho, koo, mdomo, kisha rangi. Rangi mwishoni. Mlio uandike kwa silabi zako mwenyewe papo hapo, maana baada ya kusikia ndege wa pili wa kwanza utakuwa umeshamsahau. Usiku ulinganishe na rekodi za tovuti ya xeno-canto, ambako zinasikilizwa bure. Milio kumi uliyoijua vizuri itakuonyesha ndege wengi kuliko picha mia moja.

Jioni karibu na nyumba ya wageni Amani kuna kitu kinatoa sauti ya "prrrrup", kinanyamaza, kinarudia. Wenzangu wanasema ni chura. — Msomaji, Dar es Salaam

Kwa maelezo yako, tunamwona *Smithornis capensis*, ndege mnene wa sentimita 13 mwenye mdomo mpana na michirizi kifuani. Sauti hiyo haitoki kooni. Inatoka kwenye manyoya ya mabawa anapozunguka kwa duara dogo na kutua tena palepale alipoanzia.

Kwa sababu anarudi kwenye tawi lilelile, ni mmoja wa wachache wanaoweza kupatikana kwa subira peke yake. Geuza kichwa huku na huku hadi ujue mwelekeo, sogea wakati analia na usimame anaponyamaza, na ukifika karibu tafuta tawi tupu, lililolala, mita mbili hadi tano juu. Akiruka utaona weupe wa mgongoni ukifunuka. Alfajiri na magharibi ndiyo nyakati zake. Chura haangazi mgongo mweupe.

Niliona ndege wa madoadoa mwenye njano hafifu tumboni, kitabuni hayupo. — Msomaji, Lushoto

Inaelekea ni kinda la *Pogonocichla stellata*. Mkubwa ana kichwa cha kijivu-buluu, tumbo la njano kali, na doa jeupe mbele ya jicho na jingine kooni ambalo mara nyingi hufichwa na manyoya. Kinda huanza na madoa, kisha katika maeneo mengi hupitia hatua ya pili ya kijani na njano iliyofifia kabla ya kuvaa rangi za ukubwa. Tazama mkia: mchoro wa njano pembeni na giza katikati na nchani upo tangu mapema, ingawa umefifia. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ndege hawa wapo wanaoshuka kutoka milimani, kwa hiyo usishangae kumkuta chini ya ulipomzoea.

Je, ni vibaya kucheza mlio kwenye simu ili ndege atoke? — Msomaji, Nairobi

Katika msimu wa kutaga, ndiyo, na msimamo wetu ni kwamba usifanye. Dume akisikia mlio wa dume mwingine anaacha kula, anaacha kulinda jike na kiota, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Usambara uimbaji na utagaji hushika kasi kuanzia Septemba hadi Desemba hivi, ambao ndio wakati wageni wanataka zaidi kuona. Njia inayotembelewa kila siku inaweza kuchezwa mlio uleule mara nyingi kwa wiki, na ndege wa hapo hulipa gharama yote.

Ndege adimu mwenye eneo dogo kama *Artisornis moreaui*, aliyepatikana kwa sayansi Amani na kupewa jina mwaka 1931, asichezewe kabisa. Huyo anaishi kwenye mitambazi iliyosongana pembezoni mwa mapengo ya msitu, na analia mwenyewe. Keti hapo usikilize. Kutoa "pssh, pssh" kidogo kwa midomo huwaita shore na *Batis mixta*, na ukifanya hivyo mara tatu bila jibu, acha.

Nataka kufanya mradi wa chuo kwa kuwanasa kwa wavu. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Sua, Morogoro

Usianzie kwenye wavu. Kukamata ndege bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Utafiti unahitaji vibali vya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na kwa hifadhi ya mazingira asilia unahitaji ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Wavu wa kawaida una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2.5, na unapaswa kukaguliwa kila dakika 20 hadi 30. Ukichelewa, ndege wa gramu 15 anakufa kwa baridi au kujisokota. Hii ni kazi ya kujifunzia mkononi mwa mtu mwenye ujuzi, kwa msimu mzima, kabla hujagusa ndege mwenyewe.

Thamani ya kazi hiyo ni kubwa. Mtafiti William Newmark alianza kuwanasa na kuwavisha pete ndege wa tabaka la chini Usambara mwaka 1987, na data hizo ndizo zilizoonyesha jinsi vipande vidogo vya msitu vinavyopoteza ndege hawa, ambao wengi wao hukwepa kukatiza eneo lililo wazi. Zungumza na msimamizi wako uone kama unaweza kujiunga na utafiti uliopo. Bila wavu unaweza kufanya hesabu ya vituo: vituo vilivyoachana mita 200, dakika kumi kila kimoja, ukiandika kila unayemsikia na umbali wake.

Picha zangu za msituni zote zina ukungu. — Msomaji, Mombasa

Shata yako ni ya polepole. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho (f/4 au f/5.6), panda ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 3200 au 6400, na usishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Chembechembe za ISO zinasafishika kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haisafishiki. Egemeza lenzi kwenye shina, piga tatu au nne mfululizo, na chagua iliyotulia. Fleshi iache kabisa karibu na kiota. Kama una simu tu, rekodi mlio: izime mtandao, elekeza kipaza sauti cha chini kwa ndege, usisogee nusu dakika, kisha mwishoni taja kwa sauti mahali, saa na urefu aliokuwa.